Maji Kabla ya Mizani

MAELEZO YA SHAHIDI
Yamechukuliwa kituoni, chumba cha upelelezi namba mbili

Jina: Limehifadhiwa kwenye jalada. Kazini na mtaani huitwa Taratibu.
Umri: Miaka hamsini na mmoja
Kazi: Mchinjaji mkuu, machinjio ya ng'ombe
Makazi: Nyumba za wafanyakazi nyuma ya machinjio, mlango wa tatu, wenye pazia la kijani
Siku: Alhamisi, tarehe 15
Muda wa kuanza: Saa tatu na dakika kumi asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu nina akili timamu na sijalewa. Hakuna aliyenishurutisha kusema nitakayoyasema, ingawa yupo aliyejaribu kunipangia maneno, na sasa hivi amekaa kwenye benchi hapo nje akinisubiri nimalize. Ni meneja wangu. Amenileta kwa gari lake na njiani akaninunulia chai, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa miaka kumi na tisa niliyomfanyia kazi.

Kabla sijaanza naomba iandikwe kwamba nilipoingia getini hapa nimemwona ng'ombe mwekundu amefungwa kwenye nguzo, karibu na zile pikipiki mlizokamata. Ana karatasi imefungwa kwenye pembe yake kwa kamba, imeandikwa "Kielelezo namba 1". Yuko juani na hana ndoo. Afande ameniambia hilo tutalizungumza baadaye, tuanze na ya jana. Sawa, tuanze na ya jana.

Mnamo Jumatano, tarehe 14, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, nilikuwa kwenye kibanda cha nyuma nikinoa visu. Visu vyetu hunolewa nyuma kwa sababu mnyama hatakiwi kukiona kisu. Ndivyo nilivyofundishwa na aliyenifundisha kazi, na anayefanya kinyume mbele yangu namtoa kwenye ukumbi wa kuchinjia siku hiyo hiyo, hata awe mpwa wangu. Nikasikia honi ya lori. Lilikuwa na ng'ombe ishirini na wawili. Nimewahesabu mwenyewe, maana ni juu yangu kujua siku itakuwa na urefu gani. Utingo wa lori aliniambia walipakiwa juzi mchana, na tangu wapakiwe hawajaonja maji.

Utaratibu wa machinjio yetu ni huu. Lori hurudi kinyumenyume hadi kwenye mizani, ng'ombe wakashushwa mmoja mmoja, wakapimwa, kisha wakaingia zizini. Zizini kuna hodhi la saruji, lina maji saa zote. Lakini kabla ya mizani ng'ombe hanywi hata tone. Imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu, HAKUNA MAJI KABLA YA MIZANI. Sababu ni kwamba zamani wenye ng'ombe walikuwa wakiwanywesha kwa nguvu, mpira mdomoni, ili wazidi uzito, nasi tukawa tunanunua maji tukidhani tunanunua nyama. Sheria ikawekwa. Siku ilipowekwa ilikuwa sheria nzuri, na aliyeshika brashi akaiandika ukutani ni mimi. Sijaja hapa kujifanya malaika.

Saa moja kamili mizani ikagoma. Ilisoma sifuri hata alipoipanda meneja mwenyewe, na meneja si mtu mwepesi, afande umemwona. Fundi akapigiwa simu, akasema yuko njiani. Aliendelea kuwa njiani mpaka saa tisa alasiri.

Meneja akaamuru ng'ombe wasishuke, kwa kuwa wakishuka watakunywa, na wakinywa atauziwa maji. Mwenye ng'ombe naye akasema kwa simu wasishuke, kwa kuwa wakikaa zizini kwetu bila kupimwa atapunjwa. Kila mmoja alikuwa analinda haki yake. Ng'ombe hawakuwa na simu.

Jua lilipanda. Lori lile lina mabati ubavuni na juu liko wazi. Hadi saa nne walikuwa wakilia. Kuanzia saa tano wakanyamaza, na mimi najua maana ya ng'ombe kunyamaza, lakini nilijitia kupanga minyororo ambayo ilikuwa imeshapangwa.

Saa sita na robo alinijia mama mwosha matumbo. Huyu ndiye mliyemfungia mahabusu, na ndiye sababu ya mimi kuwa hapa. Tunamwita Shangazi. Kila mtu humwita hivyo, hata meneja ambaye kamzidi umri. Ni kibarua, huja alfajiri na kuondoka matumbo yakiisha. Sehemu yake ya kazi ni karibu na geti kubwa la barabarani, ana karo na mapipa matatu ya maji. Alikuja mikono imelowa hadi viwikoni. Akaniambia, "Taratibu, mmoja amelala."

Nikamjibu, "Fundi yuko njiani."

Akaniangalia, akaenda zake. Nimeangaliwa na watu wengi maishani mwangu kwa sababu ya kazi yangu. Kwenye harusi nikiulizwa nafanya kazi gani, meza nzima hutazama sahani. Nimezoea. Lakini jicho lile la Shangazi lilinichoma, kwa sababu wote wawili tunajua ng'ombe akilala ndani ya lori lililojaa, wenzake watamkanyaga bila kutaka.

Saa sita na nusu Shangazi aliuvuta mpira wake wa maji hadi kwenye lori, akaupitisha kwenye upenyo wa mabati, akafungulia. Hilo nimeliona kwa macho yangu nikiwa mlangoni mwa ukumbi. Aliwamwagia maji, basi. Hakugusa mlango. Ng'ombe walitoa ndimi wakalamba mabati, wakalambana wao kwa wao.

Watu wakajaa getini. Walikuwa kama arobaini, wengine wametoka kwenye gereji ya jirani, wengine saluni ya ng'ambo ya barabara, wengine wapita njia tu, na simu juu. Walicheka. Mmoja akapaza sauti, "Jamani, anaosha maiti kabla hawajafa!" Ilikuwa ya kuchekesha, siwezi kukataa, hata utingo alicheka. Bwana mmoja mwenye tai, ndio kwanza katoka kula, anachokonoa meno, akauliza kwa upole kabisa, "Lakini si wanakufa leo leo? Maji ya nini?" Mama mwenye kikapu akamwambia mwenzake, "Mimi nataka nyama laini, habari zake sitaki." Mtu pekee aliyesema kinyume ni fundi wa pancha. Alisema, "Hata rejeta ya gari hutiwa maji, nyie vipi?" Wakamzomea.

Afande ameniambia niseme nilichokiona tu, maoni ya watu getini si ushahidi. Mimi naomba yaandikwe. Kwa miaka kumi na tisa nimesema maneno yale yale ya bwana wa tai. Wanakufa leo, maji ya nini. Ni maneno mepesi na yana ladha ya akili. Jana ndipo nilipoyasikia yakitoka mdomoni mwa mtu mwingine, tena aliyeshiba, nikayaona upuuzi. Nani amewaambia kwamba anayekufa saa kumi hana kiu saa sita? Mimi ndiye ninayewaua. Nikisema mnyama anaumia, mnisikilize, maana mimi siwezi kuambiwa ni mtu wa mjini asiyejua nyama inatoka wapi. Kisu tunamficha ili asiogope dakika moja ya mwisho, halafu tunamwacha juani kwa saa sita nzima tunasubiri fundi.

Afande ameuliza iwapo aandike kwamba nilimwonea ng'ombe huruma. Aandike apendavyo. Kazi yangu naijua. Ng'ombe aliyekauka ngozi yake haichuniki, na nyama inatoka nyeusi. Huruma au kazi, vyote viwili vilikuwa vinasema kitu kimoja.

Saa sita na dakika arobaini meneja alitoka ofisini, akamnyang'anya Shangazi mpira, akaenda mwenyewe kufunga koki kuu ya maji ya machinjio yote. Akamwambia, "Kesho usije." Getini wakapiga makofi. Kisha akarudi ofisini kwenye feni.

Nikaenda kwenye lori. Dereva na utingo walikuwa wamekwenda kula. Nikapitisha mkono kwenye upenyo nipate kujua yule aliyelala kama bado anapumua. Mwingine, huyu mwekundu mliyemfunga hapo nje, akaanza kunilamba mkono. Ulimi ulikuwa mkavu kama msasa. Mkono wangu unanuka damu, nauosha kwa sabuni lakini harufu haitoki, mke wangu anajua. Yeye alikuwa anatafuta jasho. Alinilamba kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko, akarudia.

Hapo nikakata shauri.

Afande amesimamisha kalamu. Ameniambia kwamba nikiendelea na jambo ninalotaka kulisema sitakuwa shahidi tena, na maneno yangu yanaweza kutumika dhidi yangu. Nimeelewa. Nimemwambia aendelee kuandika.

Saa saba na dakika kumi nilivuta komeo la mlango wa nyuma wa lori kwa mkono wangu huu wa kulia, nikateremsha ubao wa kushushia. Ni mimi. Shangazi alikuwa upande wa pili wa kiwanja, anakusanya ndoo zake aende nyumbani. Nyuma ya lori ilikuwa imeelekea ukuta wa mizani, kwa hiyo waliokuwa getini hawakuniona. Wao walichoona ni mama mwenye mpira wa maji, basi wakaunganisha.

Kosa langu ninalikubali, nalo ni hili. Nilidhani wataingia zizini. Miaka yote wakishuka huelekea zizini moja kwa moja, wala huhitaji fimbo, kwa sababu wanasikia harufu ya maji kwenye hodhi. Nikasahau kwamba koki kuu imefungwa na hodhi limekauka, kwa kuwa asubuhi lilikuwa limetolewa maji ili lisuguliwe. Maji pekee yaliyobaki machinjio yote yalikuwa kwenye mapipa ya Shangazi karibu na geti, na geti lilikuwa wazi likimsubiri fundi. Mtu yeyote wa kazi yetu angelikumbuka hilo, nami ndiye mkuu wao.

Wakaenda kwenye mapipa, wote ishirini na mmoja. Afande, yale yalikuwa maji ya kuoshea matumbo. Matumbo ya wenzao wa juzi. Ng'ombe hupiga kelele akisikia harufu ya damu ya mwenzake, hurudi nyuma, hupanda kuta. Jana walitumbukiza pua humo wakanywa mpaka sakafu ya pipa ikaonekana. Shangazi alikaa pembeni kwenye ndoo iliyopinduliwa akawaangalia, na hakuwa na tabasamu hata kidogo.

Huyu mwekundu alichelewa kufika, akakosa nafasi. Akatoka getini. Hapo watu waliokuwa wakicheka wakatawanyika, kila mtu na njia yake. Akavuka barabara akaingia saluni, ambako msusi alikuwa anamwosha mteja nywele. Alikuta ndoo, akanywa. Hakumpiga mtu. Wanasema alivamia, lakini aliyewahi kuvamiwa na ng'ombe hawezi kusimama siku hiyo hiyo akahojiwa. Mteja alikimbia na povu kichwani. Yule bwana wa tai alikuwa amepanda juu ya benchi la saluni, viatu na vyote, anapiga kelele, "Serikali iko wapi? Watu tutauawa!" Dakika arobaini kabla alikuwa na utulivu mkubwa.

Kioo cha saluni kilivunjika hivi. Ng'ombe alipomaliza ndoo aliinua kichwa, akaona ng'ombe mwingine mbele yake, akamsukuma kwa pembe. Draya ya nywele ilianguka mteja alipokuwa anakimbia. Naomba msusi aulizwe jambo moja, kwa sababu yeye ndiye mlalamikaji na nina hakika hatasema uongo. Alikuwa amepanda juu ya meza, lakini nilipofika mlangoni nilimwona anaisukuma ndoo ya pili kwa mguu imfikie ng'ombe. Muulizeni kwa nini. Hakuna aliyemtuma.

Ng'ombe alipokunywa ya pili nilimfunga kamba, akanifuata. Nikamkabidhi kwa mlinzi wa geti, nikarudi mbio kwenye lori kwa sababu ya yule aliyelala. Mimi na utingo tulijaribu kumwinua kwa mikanda. Polisi walipofika, saa nane kasoro, nilikuwa ndani ya lori nimepiga magoti kwenye kinyesi, kwa hiyo sikuona Shangazi akipakiwa kwenye gari lenu wala huyu mwekundu akichukuliwa. Yule wa ndani hakuinuka. Alikata roho saa nane na dakika ishirini. Huyo hakufa kwa kisu changu, na nyama yake haikuliwa na mtu, ilifukiwa. Katika karatasi ya meneja ameandikwa "hasara ya njiani". Njiani alikuwa mzima. Alifia kwetu, mita kumi na mbili kutoka kwenye hodhi.

Fundi alikuja saa tisa. Kilichokuwa kimeharibika ni waya mmoja. Tukapima, tukachinja ishirini, na mimi nilishika kisu kama kawaida. Sioni aibu ya hilo, na sitaki mtu aniulize kwa macho ya kunishangaa.

Kwamba Shangazi amekamatwa nilikuja kuambiwa saa kumi na mbili jioni, nikiwa bombani nanawa. Hapo hapo ningeweza kuja. Sikuja. Nilikwenda nyumbani, nikakaa mezani. Mke wangu akaniuliza, "Shangazi atalala wapi leo?" Nikamwambia nadhani kituoni. Akaondoa sahani yangu, na ilikuwa haijaguswa wala haijaisha moto. Huo ndio uoga wangu na naomba uandikwe pamoja na mengine.

Leo asubuhi, saa mbili na nusu, ndani ya gari, meneja aliniambia maneno haya: "Wewe una mkono, Taratibu. Mkono kama wako haupatikani. Waosha matumbo wamejaa tele. Sema ulimwona akivuta komeo, yaishe." Nilikunywa chai yake. Sikumjibu kitu, na naona alidhani nimekubali.

Sikumwona Shangazi akivuta komeo. Nililivuta mimi, kwa makusudi, na nikijua sheria iliyoko ukutani kwa kuwa niliiandika. Afande amependekeza tuondoe maneno "kwa makusudi", kwamba yatanibana mbele ya hakimu. Nimeyakataa mapendekezo hayo. Kioo cha msusi ni juu yangu. Geti kutolifunga ni juu yangu. Komeo silijutii, na kesho mkinirudisha pale, mizani imegoma na ng'ombe wamenyamaza, nitalivuta tena, ila kwanza nitafunga geti.

Hakuna lingine nililoliona wala nililolifanya zaidi ya haya, na sitabadilisha neno nikiwa hapa wala nikiwa mbele ya hakimu. Nimesomewa, ni maneno yangu. Lakini sitii sahihi bado. Tumekaa hapa tangu saa tatu, na dirisha hili linatazama uani. Ng'ombe wa watu amenyamaza.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa saa tano na dakika kumi na nane)

MAELEZO YA MCHUKUA MAELEZO

Maelezo haya yameandikwa nami, koplo wa zamu, na kusomwa kwa mtoa maelezo, naye akathibitisha kwamba ni sahihi. Alionywa kisheria kabla ya kueleza habari ya komeo. Kuanzia saa nne na dakika hamsini alikataa kutia sahihi hadi kielelezo namba 1 kipewe maji. Meneja wa machinjio, aliyekuwa benchini, alipinga, akitaka kielelezo kipimwe uzito kwanza kwa ajili ya ushahidi. Alielekezwa kurudi benchini.

Kituo hakina ndoo ya kazi hiyo. Imetumika ndoo ya kudekia, baada ya kusuuzwa. Maji yamepelekwa uani na mama mwosha matumbo, aliyetolewa mahabusu saa tano na dakika mbili. Hajarudishwa ndani. Mtoa maelezo ameingia badala yake saa tano na dakika ishirini, kwa miguu yake, bila kushikwa.

Kielelezo kimekunywa ndoo nne. Hakikupimwa.